Vizibo vya Kocha

Kocha hana daftari. Mbinu zake zote zimo kwenye kopo la maziwa: vizibo vyekundu vya timu yake na vyeusi vya wapinzani wao wa Nyamwage, alivyookota tangu soda zianze kujaa tena madukani Kibiti baada ya kuadimika. Kila alasiri huvimwaga kwenye benchi la Zaitun, muuza vitumbua, akavipanga kwa kidole cha shahada huku midomo ikimcheza kama anayevisomea dua. Leo beki wake wa kushoto, Ridhiwani, amekaa kumtazama. Kocha anakisogeza mbele kizibo cha beki, apande kushambulia. Nyuma panabaki uwazi. Anamrudisha kiungo auzibe. Sasa mshambuliaji hana wa kumpa mpira. Anamrudisha na mshambuliaji aufuate. Kila amri peke yake ni nzuri, lakini zikikutana zinakuwa shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Mwishowe vizibo vyekundu vyote vimerundikana golini kwao.

“Hapa hatufungwi,” anasema.

“Na sie tunafunga saa ngapi?” Ridhiwani anauliza, kisha anamwonea huruma. “Kocha, mechi ilikwisha Jumapili. Tumeshashuka daraja.”

“Najua, mwanangu. Ila uliniuliza pale uwanjani, nipande au nibaki? Nami nikakwambia yote mawili.”

Anavikusanya, anavimwaga upya. Anaanza na kizibo cha beki wa kushoto, na kidole kinakaa juu yake, hakijui kikipeleke wapi.