Zamu ya Bwana Pargeter

Waingereza hupanga foleni kwa kila kitu: basi, mkate, hata kuaga maiti. Ila kwenye kaunta ya baa ya kijiji hawapangi, usiniulize kwa nini. Wanasimama shaghalabaghala, kila mtu kazikodolea macho chupa, na aliye nyuma ya kaunta ndiye anayejua nani kaingia kabla ya nani. Ukipunga noti hewani umejiponza. Utangoja mpaka ukome.

Pale Chekeche Tatu, nyumba ya kula, kunywa na kulala ambayo ilikuwapo kijijini Thrupley tangu enzi za farasi, mjuzi wa zamu alikuwa Avis Tuckwell. Miaka thelathini na sita hakukosea hata mara moja. Hakuwahi hata kuuliza, "Nani anafuata?" Hilo, alisema, ni swali la wasichana wa mjini. Clive Rudge aliponunua baa, Avis alimwambia wazi kwamba siku atakayompa mtu kinywaji si zamu yake, atavua aproni siku hiyo hiyo. Kiapo hicho kijiji kizima kilikisikia. Na aproni ndiyo iliyompa chumba namba nne, juu ya jiko. Akiivua, hana pengine pa kulaza ubavu.

Sasa tangu baridi ianze, mambo yalikuwa yanamponyoka. Anainama kuvuta bia kwenye pampu, akiinua kichwa nyuso zote zimekuwa nyuso tu, hajui ipi iliingia kwanza. Aliogopa, wala hakumwambia mtu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ikafika Jumapili moja, watu wametoka kanisani, nyama ya kuoka inanukia, kaunta imefurika. Avis akavuta painti ya bia, akaiweka mbele ya Norris Gale, fundi bomba, ambaye hata mwavuli alikuwa hajaufunga. Bwana Desmond Pargeter, mchimba makaburi mstaafu, alikuwa amesimama pale dakika kumi nzima.

Norris akaitazama ile bia kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Avis akamtazama Pargeter, akaelewa. Mikono yake ikaenda mgongoni, kwenye fundo la aproni.

"Samahani," akasema Pargeter, maana kwa watu hawa aliyekanyagwa ndiye huomba radhi. "Nilimpisha Norris. Nilimwambia atangulie."

Uongo mtupu. Pargeter hakuwahi kumpisha mtu maishani mwake. Hata wafu walimsubiri amalize chai. Lakini Norris aliitikia upesi kwamba ndiyo, kapishwa, na mjane Mossop, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye hadanganyi siku ya Jumapili, akasema amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Clive akachomoza kichwa kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Akaambiwa hakuna kitu. Avis akaliachia fundo.

Tangu hapo watu wa Thrupley wakashikwa na adabu. Avis akiinua kichwa tu, mtu anamwelekezea jirani yake kidevu: huyu kanitangulia. Hawakukaa kikao, wala hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Wageni waliolala vyumba vya juu waliandika katika kitabu cha wageni kwamba hawajapata kuona kijiji chenye heshima namna hii. Avis aliyasoma maneno hayo, akakifunga kitabu. Roho ilimuuma, na aliwapenda, yote mawili kwa pamoja.

Jumanne moja ya Februari, saa tano asubuhi, mvua inanyesha, Pargeter akaingia. Akatundika koti, akasimama kwenye kaunta. Hapakuwa na mtu mwingine, wala mbwa. Avis akaweka kitambaa chini, akashika mpini wa pampu, akamtazama. Kisha akatazama viti. Mkono haukuvuta.

"Nani anafuata?" akauliza.

Pargeter hakucheka. Aligeuka, akavikagua viti vitupu kimoja kimoja, mpaka kile cha dirishani, asije akamdhulumu mtu.

"Ni mimi, Avis," akasema. "Wengine bado hawajafika."

Avis akamvutia painti yake, imejaa sawasawa, povu kiasi. Pargeter akainywa polepole, pale pale kwenye kaunta, ingawa miguu yake ilikuwa mibovu na viti vilikuwa tele. Hakuondoka mpaka Norris alipofungua mlango. Ilibidi awepo mtu wa kumwambia Avis nani kaingia.