Mwanangu alikuwa haitiki: uzi wa kinyunya, kuku na simu ya mkwe

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kutunga uongo. Yachukueni haya kama yalivyo.

Nianze na jambo nililolikanusha kwa muda mrefu: mwanangu Nasri alikuwa hasemi.

Nilikuwa nasema ni mkimya. Nilikuwa nasema kamfuata baba yake. Jirani aliwahi kuniuliza kwenye ngazi, "Mwanao bado?" Nikamjibu, "Bado nini?" kana kwamba anauliza habari za meno.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Akitaka maji anakuvuta kanga mpaka kwenye mtungi. Akikataa kitu analala chini. Ukimwita, haitiki.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili chuoni. Nasimama mbele ya watu wazima naeleza ngeli na viambishi, kisha narudi nyumbani, mtaani Mkunazini, kwa mtu asiye na hata silabi. Nilimzaa nimeshavuka arubaini, kwa hiyo hata kumkimbiza nilikuwa siwezi, sembuse kumsemesha.

Nyumbani tuko watatu: mimi, Nasri, na mama yangu, Bi Zuhura, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu yuko Maskati kikazi. Mama yake, Bi Mize, anakaa shamba, Mkokotoni, na kila Ijumaa baada ya sala hupiga simu. Nampa shikamoo, ananipa marahaba na habari za samaki, halafu anasema, "Weka spika."

Naweka.

"Nasriii!"

Kimya.

"Mtoto haitiki, Rahma."

"Anacheza, mama."

"Hata anayecheza huitika."

Mwisho akatoa uamuzi, na mwanawe kule Maskati akaukubali. Baada ya Idi, Nasri aende kukaa Mkokotoni mpaka ulimi ufunguke.

"Huku kuna watoto tele," alinambia. "Atasema apende asipende. Huko kwako kuna nini? Vitabu, na mwanamke mzima anayenong'ona na karatasi."

Ni kweli nanong'ona na karatasi.

Msinishambulie, hospitali nilikwenda. Masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Mama mmoja wa kliniki akanishauri nicheze naye kwa donge la kufinyanga, nizungumze naye huku mikono ina kazi. Nikanunua la dukani. Lilikuwa na rangi kali na harufu ya sabuni. Nasri alilinusa, akanirudishia.

Nikatengeneza mwenyewe: unga wa ngano, chumvi nyingi ili asilile, mafuta kidogo, maji ya moto, na bizari ya manjano kutoka sokoni Darajani. Manjano yalikuwa kosa. Mikono yetu, mkeka na paka wa jirani, sote tukawa rangi moja ya biriani.

Mama yangu akasimama mlangoni.

"Unga huo?"

"Wa kuchezea, mama."

"Unga wa kuchezea ndo upi? Astaghfirullah. Neema ya Mungu mnaitia vidole."

"Wataalamu ndivyo wanavyoshauri."

"Wataalamu wameshiba."

Akaondoka. Mimi nikaendelea, na namna nilivyoendelea ndiyo iliyonitia haya zaidi. Nilifanya mtihani. Hii rangi gani? Sema manjano. Hiki nini? Sema mpira. M-pi-ra. Sema basi, baba.

Nasri alinitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama kipindi cha mwisho. Kisha akalala chini.

Ikawa hivyo kila siku. Naweka donge, nauliza, analala chini. Nadhani hata donge lilituchoka.

Alasiri moja nimerudi na mzigo wa mitihani ya kusahihisha, koo limekauka. Nikaketi mkekani, nikachukua donge, na sikuwa na nguvu za kuuliza chochote. Nikawa naponda tu, nasema peke yangu.

"Naponda. Naponda. Limelala. Nalo limechoka."

Kisha nikanyamaza. Si kwa utaalamu. Ni kuchoka.

Kimya kikarefuka. Nasri akaniangalia, akaangalia mikono yangu, akainua kiganja chake na kulipiga donge lake.

"Nda."

Sikupiga makofi. Sikuwa na nguvu hata za kushangaa. Nikaponda tena, nikasema, "Naponda," nikangoja.

"Nda."

Mpaka leo najiuliza ningekuwa mzima siku ile ningeliharibu vipi jambo lile. Pengine ningemwomba airudie katika wakati uliopita.

Ijumaa nikampa mkwe wangu habari.

"Nda ndo nini?"

"Ponda, mama. Anajaribu kusema ponda."

"Nda si neno, Rahma. Kuku wangu nao husema."

Safari ikabaki pale pale.

Idi ikawa inakaribia. Mama yangu akaketi chini jikoni kukanda unga wa mikate, Nasri akamsogelea. Nikamwona mama akimega kipande kidogo, akakiweka mbele yake.

"Haya, kinyunya chako."

Kwa vijana wa humu: kinyunya ni kile kibonge anachomegewa mtoto wakati mkubwa anakanda, ajipikie kimkate chake mwenyewe.

Nikasema, "Mama, si neema ya Mungu hiyo?"

"Hiki si unga wa kuchezea. Hiki kinyunya." Halafu, bila haya yoyote, akakitia kichwa na mikono miwili.

Nilipomcheka ndipo aliponieleza jambo ambalo maisha yangu yote hakuwahi kulisema.

Miaka ya hamsini, yeye ni mtoto wa miaka mitano au sita, kwao Malindi, hapa hapa mjini. Idi inakuja, wanawake wamejaa uani wanapika mikate kwenye majiko ya makaa. Kila msichana kapewa kinyunya. Wenziwe wakapika vyao, wakala. Yeye chake akakifanya mwanasesere, akamfunga kitambaa, akampa jina la Kidawa.

Akawa anamwita, "Kidawaaa!" Na kumjibia mwenyewe, "Labeka!" Maana enzi hizo mtoto wa kike akiitwa hujibu labeka, wa kiume hujibu naam. Anayejibu "eeh?" kama ninavyojibu mimi alikuwa na kofi lake.

Baba yake mkubwa akatokea. Akauliza nani huyu anayechezea chakula na kuna watu hawana. Akamchukua Kidawa, akamtupia kuku.

"Nikasimama nawatazama wakimla," mama alisema. "Walianza na kichwa."

Nikakumbuka vibao vyote nilivyopigwa utotoni kwa kugusa unga wa chapati. Mkono wa mama ulikuwa unamtengenezea Kidawa mpya shingo.

Tangu siku hiyo jikoni hakukukalika. Mimi nasahihisha ukumbini, wao huko chini na Kidawa wao.

"Kidawaaa!"

"Labeka!" Huyo ni mama yule yule, anajijibu kwa sauti nyembamba ya mtoto wa miaka ya hamsini.

"Una njaa?"

"Nnayo!"

"Jifiche, kuku wasikuone!"

Nasri alikuwa anacheka mpaka anagaragara. Mwenyewe hakuongeza neno, ni ile nda yake tu. Ila siku moja mama alimwita Kidawa, kisha akashughulika na mkate motoni, akasahau kumjibia. Nasri akangoja. Alipoona kimya kinazidi, akamgusa Kidawa begani kwa kidole, kama mtu anayemwambia mwenziwe: unaitwa wewe.

Nilichojifunza nakiweka hapa hapa, maana wengi wenu huwa hamfiki chini. Mtoto akichelewa kusema, usikanushe kama mimi. Mpeleke akapimwe masikio. Kisha mpe donge, la chumvi au la kinyunya, kaa naye chini, taja kile ambacho mikono yenu inafanya, halafu funga mdomo wako. Zamu yake ni ndefu kuliko uvumilivu wako. Ukishindwa kunyamaza kwa akili, nyamaza kwa uchovu, inafanya kazi vile vile.

Na sisemi kwamba donge ni dawa. Kuna watoto wanaohitaji zaidi ya hilo. Wenye uzoefu shusheni hapo chini: wenu walianza na neno gani, na nani alikuwa wa kwanza kulisikia? Wa kunambia nimefuja unga, mama yangu keshawatangulia.

Sasa nimalizie.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, mkoba wa Nasri ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni. Nguo zake nilizikunja mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilizilowesha. Simu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari ya kumchukua baada ya Idi nshaipata. Weka spika nimwite mjukuu wangu."

Nikaweka. Nasri alikuwa mkekani na bibi yake, Kidawa yuko mkononi.

"Nasriii!"

Kimya kile kile. Nikafungua mdomo kusema anacheza; mama yangu akaninyooshea kiganja chenye unga: nyamaza.

Nasri akamtazama Kidawa. Akaitazama simu.

"Labeka!"

Kule Mkokotoni hakukusikika kitu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Nani huyo?"

"Nasri, mama."

"Nasri mwanamme?"

"Ndiye."

"Anaitika kike?"

"Ndiyo, mama."

Kikatoka kicheko kilichogeuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko, kisha kikawa kitu kingine ambacho wote wawili tulijifanya ni kikohozi. Akaita tena, taratibu.

"Nasri."

"Labeka!"

"Basi. Ufungueni huo mkoba. Nikimleta huku na labeka yake, watoto wa Mkokotoni watamla mzima. Mwambie Zuhura kaanza yeye, amalize yeye. Naam amfundishe yeye."

Nilikuwa nimeshaziba uso kwa kanga.

"Rahma!"

"Eeh?"

"Mtoto kakushinda kuitika," akasema, na akakata simu.