Farasi Aliyemuuliza Mwana wa Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, kipaza sauti tulichokiita mikro, na chupa ya maji, wala hakuna aliyenieleza lolote. Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu hamuijui kazi yetu. Ukumbi wa video ulikuwa Kasha, kule Bagira. Filamu ilizungumza Kifaransa, nami nilikaa kando ya televisheni nikiigeuza Kiswahili papo hapo, sauti zote, kuanzia mfalme mpaka mchawi. Kazi hiyo tuliiita kufasiri, na sheria yake kubwa ni kwamba mdomo uliofungwa hausemi.

Wafasiri wanaume walishika filamu za vita. Mimi, kwa kuwa mwanamke, mwenye ukumbi, ambaye sote tulimwita Directeur, alinitupia hadithi za mabinti wa wafalme, Jumamosi mchana, kwa akina mama na watoto. Alidhani ananipa makombo.

Basi ikaja ile ya binti aliyelogwa akalala. Mwana wa mfalme akashuka kwenye farasi, akainama, akambusu mtu asiyemjua, tena yuko usingizini. Akina mama wakapiga kelele, wakidai mahari na idhini ya wajomba: "Dote iko wapi? Batonton yake banajua?" Nilitamani binti mwenyewe ajibu, lakini mdomo wake ulifungwa. Aliyekuwa akitafuna ni farasi. Nikampa yeye maneno: "Bwana, umepiga hodi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Directeur alinisubiri mlangoni.

"Maman, farasi haisemake!"

"Lakini kinywa yake ilikuwa inafunguka, Directeur."

"Sema yenye iko mu filme. Ukiongeza tena, utanirudishia mikro."

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia, kwa hiyo nikawanyamazisha farasi wote. Miaka ikapita. Nilifasiri harusi mpaka nikachoka na vigelegele.

Kisha zikaanza kuja filamu mpya za hadithi zile zile. Katika ya kwanza niliyopewa, binti aliamka mwenyewe, akamtazama mwana wa mfalme, akamwambia kwa Kifaransa kisicho na kona kwamba hataki kuolewa naye. Nikisema kweli, kazi imekwisha. Nikidanganya, ninamtia "ndiyo" mdomoni mtu anayetikisa kichwa. Nikasema: "Sitaki. Rudi kwenu."

Directeur akasimamisha filamu. "Maman! Nilikuambia nini?"

"Leo sijaongeza kitu. Rudisha nyuma, usikilize."

Akarudisha, akasikiliza Kifaransa, akarudisha tena. Akina mama wakaanza kumcheka yeye. Aliniachia kipaza sauti, na filamu hiyo ikapendwa hadi diski ikachakaa.

Nsimire, binti wa Directeur, aliyekuwa akiuza tikiti mlangoni, aliitazama kila ilipochezwa. Siku wageni kutoka Kamanyola walipoleta posa, aliulizwa mbele ya ukoo mzima kama anakubali. "Sitaki," akasema. "Murudi kwenu." Waliokuwapo wanaapa kwamba aliiga sauti yangu barabara, hata kile kikohozi changu cha katikati ya sentensi.

Directeur alikuja kwangu akiwa bado na suti ya sherehe.

"Maman, leta mikro."

Ndivyo nilivyostaafu. Vijana huniuliza kama iliniuma. Iliniuma sana, maana nilikuwa sijui kazi nyingine. Lakini siku ile nilimkabidhi mikro yake nikicheka, nikacheka mpaka nikashindwa kumuaga.