Muti wa Kaburi Ndani ya Jiwe

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, nikatoka, nikashika nyundo. Mawe ya volkano ndiyo yaliyonilea. Kuta nyingi za Ndosho, hapa Goma, ni mawe niliyopasua mimi, na nyumba yangu niliijenga bila kumwomba mutu hata musumari. Nasema hivyo ili mujue kwamba jiwe nalijua. Na ni kwa kulijua jiwe ndiyo niliharibu.

Kwetu Masisi, mutu akizikwa, tunapanda kwenye kichwa cha kaburi ule muti mufupi wenye majani marefu kama visu. Hauangushi majani. Kiangazi ao mvua, ni kijani tu. Ni uleule tunaopanda kwenye mipaka ya shamba, maana haufi na hauhami. Hapa Goma watu wanaupanda mbele ya nyumba kwa uzuri, wanauita maua. Mutoto wetu wa kwanza, musichana, tulimuzika nyuma ya nyumba kule mulimani, tukamupandia. Vita ilipotutoa, bibi yangu, mama wa watoto wangu, alirudi mbio akakata tawi moja pale kaburini. Nilimugombeza njia yote: wenzake wamebeba magodoro, yeye amebeba fimbo. Aliikumbatia akatembea. Kule hatujarudi tena. Wanaopita wanatuambia kunalimwa na watu wengine, hata mupaka hauonekani. Basi kaburi la mutoto wetu ni ile fimbo.

Miaka mingi fimbo hiyo ilikaa ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, karibu na mulango wa jikoni, ikawa muti wa kunifikia kifuani. Kila mara mulima wa moto ukimwaga majivu, bibi alikuwa anapangusa majani yake na kitambaa kilicholowa, jani kwa jani, kama mutu anayenawisha uso wa mutoto. Mimi niliona aibu. Mwanaume aliyejijenga kama mimi, mutoto wake anakaa ndani ya ndoo?

Nikamwambia, "Nitamupa nyumba."

"Mwache," alisema. "Pale amezoea."

Sikumwacha. Hapa kwetu, chini ya nyayo ni jiwe tupu. Nilichimba shimo na baramini, ile chuma ndefu ya kupasulia mawe, juma zima, nikalilainisha kando zote hata ungeweza kuogeshea mutoto ndani. Udongo mweusi niliutoa Kibumba, mifuko minne juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Na kila mutu wa Goma anajua tabia ya udongo hapa: mvua ikinyesha unakimbilia ndani ya nyufa za jiwe, na baada ya mwaka mumoja shimo limebaki tupu. Kwa hiyo niliziba. Nilipiga sima, ile saruji ya kujengea, chini na kando, safi, bila ufa hata wa kupitisha sindano.

Jirani yangu, papa mumoja wa upande wa Bukavu, mutu wa biro, wa kazi ya ofisi, alikuwa anatoka misa. Akasimama.

"Muzee, hii ni piscine ya kuogelea?"

"Ni nyumba ya muti."

"Na maji yatapitia wapi kutoka?"

"Papa, wewe umekaa na kalamu, mimi nimekaa na jiwe. Nani atamufundisha mwenzake shimo?"

Akacheka. "Basi ukimaliza, unibatize humo."

Nikauhamishia humo muti; mvua za kwanza ulichangamka, nikatembea kifua mbele. Kisha majani ya chini yakawa njano. Mvua ilipokatika siku chache nikasema ni kiu, nikabeba maji ya ziwa kutoka Kituku ndani ya bidoni, nikamwagilia asubuhi na jioni. Njano ikapanda. Nikaongeza maji. Ndivyo nilivyofanya, na mikono hii, na jasho linanitoka.

Bibi hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kusimama. Aliacha tu kupangusa majani, akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba kwenda jikoni ili asipite pale. Siku moja nilishika shina, likacheza mukononi kama jino la muzee. Harufu ikapanda, ya muhogo uliosahauliwa ndani ya maji.

Nilichukua baramini nikapasua sima yangu mwenyewe. Maji meusi yakatoka mengi, yakanilowesha viatu. Mizizi ilikuwa uji. Nikakaa chini juu ya mawe, mimi mwenye wajukuu, nikalia mchana, watu wanaona.

Yule jirani alikuja. Safari hii hakucheka.

"Muzee, kata juu, penye kijani bado."

"Unajua nini wewe?"

"Sijui kitu. Kata tu."

Nilikata vipande vitano, nikavipanda ndani ya makopo ya maziwa, nikatoboa kila kopo matundu kama chujio. Kila asubuhi nilikuwa ninakwaruza ngozi ya kipande na ukucha. Chini yake kijani, kuna uhai. Kahawia, basi. Cha kwanza kiligeuka cheusi juma lile lile. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Cha nne nilikikwaruza mpaka kikabaki bila ngozi, na sijui hata leo kama kilioza ao ni mimi.

Kimebaki kimoja. Jana asubuhi bibi alinikuta nimekiinamia, ukucha tayari. Akaniondolea kopo mbele ya uso.

"Papa, hiki unaniachia."

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya muti tangu nimwage sima.

"Nilitaka kujua tu kama kiko kizima."

"Kwa kutaka kujua utakimaliza. Mimi nilimuzaa, mimi nilimubeba kutoka kule. Wewe kaa."

Akalirudisha kopo karibu na mulango wa jikoni, palepale ndoo ilipokuwa. Nimekaa. Kipande bado hakina jani, ni fimbo tu, kama siku ile ya njiani. Yeye haniambii kitu na mimi siulizi. Kila anapotoka jikoni ninaangalia uso wake, kwa sababu kopo nimekatazwa.