Maziwa Niliyomkorogea Baba Mkwe

Admin, jina langu ulifiche. Mume wangu hajui mambo ya simu, ila wajukuu zake wanayajua. Nina miaka sabini na mbili, nakaa upande wa Sindeni, Handeni.

Mimi ni Msambaa wa Kwashemshi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa niliolewa kwa wafugaji, nami nilichojua ni migomba tu. Nilidharauliwa mpaka basi. Ila nilikuwa nimesoma, kwa hiyo baba mkwe alipopewa zahanati vidonge vyeupe vya tumbo, nikakabidhiwa mimi. Karatasi ilisema viwili kwa siku. Mzee hakutaka kutafuna kitu kama chaki, nikawa naviponda ndani ya maziwa. Tumbo likatulia, akasema mbele ya wote, "Huyu Msambaa ana mkono wa dawa." Jamani, sifa! Nikaongeza vikawa vinne, mwisho vikawa vinane.

Mzee akashikwa na kiu, choo kikagoma, akawa analala mchana kutwa. Kila akiomba cha kunywa nampa maziwa yangu yale yale. Kisha akaanza kuongea ovyo. Siku moja akamwita shemeji yangu, mwanawe mkubwa, akamwambia ameiba ng'ombe, na ng'ombe wote tunawaona pale pale. Akatema mate chini: "Usikanyage hapa, hai wala maiti." Siku chache baadaye akafa, na laana ya aliyekufa hakuna wa kuitengua. Shemeji akahamia Kerenge.

Mwaka huu nami nilizidisha vidonge vya mifupa, nashushia na maziwa. Nikavurugikiwa, nikamfukuza binti yangu kwa matusi nisiyoyakumbuka hata moja. Daktari Korogwe akapima damu, akakuta kalsiamu imezidi. Akaniambia, "Mama, hayakuwa maneno yako. Ni vidonge na hayo maziwa. Hata vile vyeupe vya tumbo, vya kama chaki, usivizidishe, navyo ni kalsiamu hiyo hiyo." Nikalia sana. Akadhani namlilia binti.

Sasa shemeji yuko kitandani, ametuma mjumbe kuomba azikwe kwa baba yake. Mume wangu anasema neno la baba halivunjwi. Nikisema ukweli, mimi ndiye niliyemuua baba yake. Nikinyamaza, shemeji atazikwa ugenini kwa sababu ya kikombe changu. Nimebanwa kote kote.

Jana mume wangu alikaa karibu yangu akaniuliza, "Wewe ndiye uliyemtunza baba mpaka mwisho. Unadhani alimaanisha?"

Nikamjibu sijui. Mjumbe anaondoka na jibu kesho asubuhi. Wanangu, mngekuwa mimi mngemwambia nini?