Mafuta Ndani ya Tangi

Bi Mapipa hakuwa na pipa hata moja. Jina hilo alipachikwa na wenzake, kwa kuwa kazi yake pale chuo kikuu, mwaka wa kumi na moja sasa, ilikuwa kuosha tangi la chuma ambamo wasomi waliilisha hamira sukari na hewa ili iwatengenezee dawa. Aliingiza nusu ya mwili ndani, akasugua, akatoka amelowa chapachapa. Kuhusu hamira yenyewe hakujua lolote, na hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Sasa hamira ilikuwa inakufa. Kila walipoanza upya, haikufika siku ya nne. Daktari wa hamira, wa ghorofa ya juu, akasema ni sabuni inayobaki. Injinia wa mitambo, wa ghorofa ya chini, naye akasema ni sabuni. Wawili hao hawakuwahi kukubaliana hata dirisha lifunguliwe au lifungwe, lakini kwa sabuni ya Bi Mapipa wakawa kitu kimoja! Akaambiwa aje kikaoni Ijumaa, kazi yake ijadiliwe.

Akachanganyikiwa. Alikuwa akisuuza mara tano. Ila kweli, siku hizi tangi lilikuwa na utelezi kama sufuria ya kukaangia, na kadiri lilivyoteleza ndivyo alivyozidisha sabuni. Au ni yeye kweli?

"Wewe kiri tu, uombe radhi," wifi yake aliyeishi naye alimshauri.

"Nikiri nini, wifi, na sijui nimefanya nini?"

"Ndiyo maana ukiri mapema, kabla hawajakuongezea makosa."

Kikaoni, Daktari alisema ya kwake, Injinia ya kwake, na Bi Mapipa akatoka kapa kotekote. Alisikia neno moja tu, sabuni. Mwishowe akasema mtu wa hesabu, mgeni aliyeletwa mwezi ule kupiga hesabu za hewa na sukari ya tangi.

"Hewa inaingia ya kutosha, lakini haiifikii hamira. Kuna kitu kinaizuia." Akamgeukia Bi Mapipa. "Mama, wewe ndiye unayeingia mle. Huwa unakuta nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Si hayo yenu ya kuua povu? Daktari anatia asubuhi, Injinia anatia mchana. Nilidhani ndivyo mnavyotaka."

Daktari akamtazama Injinia. "Kwani na wewe unatia?"

"Wewe je, unatia?"

"Basi ndiyo hayo, yametiwa maradufu, yanayoizuia hewa," mtu wa hesabu akasema.

Kila mmoja alikuwa ameandika, tena kwa mwandiko safi, kwenye daftari lake, kwenye ghorofa yake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawa walikuwa wawili tu, na chombo kilipoenda mrama wakamlaumu anayekiosha.

Walianza kuongea wote kwa pamoja, wakichoreana ubaoni, wakakubaliana daftari liwe moja na likae pale pale penye tangi. Bi Mapipa akasubiri, akachoka.

"Samahani. Kwa hiyo mimi nabaki au naondoka?"

"Unabaki, mama," Daktari akasema bila kumtazama usoni. "Na kwenye daftari utakuwa unaandika na wewe."

Alifika nyumbani macho mekundu. Wifi yake akaacha kufagia.

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui, wifi. Miaka kumi na moja. Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa."