Ramani Iliyoinenepesha Bwera

Mwalimu wetu wa jiografia tunamwita Afande. Hajawahi kuwa askari, lakini anafundisha kama anapanga gwaride, na akipandwa na hasira mate yanamwagikia dawati la mbele. Ndiyo maana mimi hukaa nyuma.

Muhula huu alitundika ubaoni ramani ya dunia nikasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba aliyeichora alikuwa amelewa. India imefura, Australia imekonda kama mbwa wa sokoni. Afande akanipiga kofi la kisogo, kisha akaeleza: penye watu wengi panachorwa pakubwa, penye watu wachache panabanwa. Ardhi si kitu. Ukubwa ni watu.

Akatuagiza tuchore ya kwetu, yenye kila mahali wanapotoka wanafunzi wa darasa letu, itundikwe ukumbini siku ya wazazi. Mchoraji nikawa mimi, maana uso wa Afande nimeuchora mara nyingi kuliko mama yake alivyouosha. Sheria ilikuwa ile ya sensa: anahesabiwa aliyelala hapo jana.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mtoto wa Katunguru alitaka viboko wahesabiwe.

"Mwalimu, wanalala kwetu. Mmoja yuko kwenye mahindi ya baba sasa hivi."

"Alete kitambulisho," akasema Afande.

Wa Bugoye akajivunia bwawa la umeme. Umeme haulali, akaambiwa. Milima yote ya Kyondo niliibana ikatoshea chini ya kidole gumba, na mtoto wa huko akanitazama kama nimechinja mbuzi wake. Bwera, ambako ni kwetu, niliivimbisha mpaka ikausukuma mji wa Kasese ukingoni mwa karatasi. Sikuona haya. Hesabu ilikuwa upande wangu.

Kisha mwenzangu wa dawati akanyoosha mkono. Alivuka mpaka na mama yake kutoka upande wa Beni, kijiji chao kilipohamwa chote kwa sababu ya bunduki. Lakini watu wa kwao na sisi Wakonzo tunawapa watoto majina kwa jinsi wanavyofuatana kuzaliwa, kwa hiyo Afande alipoita jina lake siku ya kwanza tu, darasa zima lilijua ni msichana wa tano. Yeye hutaja dada mmoja, yule wa kwanza, anayefua nguo za watu Kasese. Wale watatu wa katikati hatuwaulizii. Hata mimi siulizi, na mimi huuliza kila kitu.

"Na kwetu, mwalimu?"

"Jana nani alilala huko?"

Akashusha mkono.

"Sifuri. Sifuri haichorwi. Kaa."

Nikamwambia, "Usihuzunike bwana. Wote mnalala Bwera siku hizi. Nyinyi ndio mmetunenepesha."

Darasa likacheka, na Afande pia, ambaye huwa hacheki bure. Mapumziko yalipofika yule msichana alinifuata hadi kwenye bomba la maji.

"Chora hata kidogo. Nimemwambia mama itakuwa pale. Tangu tuvuke hajaona jina ya kwetu imeandikwa mahali."

"Niletee mtu mmoja aliyelala huko," nikamjibu. "Mmoja tu, nakuwekea nukta."

Nilijua hana.

Siku ya wazazi nilipewa fimbo nielekeze ramani, kwa kuwa mdomo wangu hauchoki. Baba wa Kyondo nilimwonyesha kwao, nikamshauri arudi na miwani. Watu wanashika mbavu. Ndipo akaja mama wa mwenzangu wa dawati, muuza vitenge wa soko la Mpondwe, binti akiwa nyuma yake.

"Mutoto, kwetu iko wapi?"

"Mama, kwenu kumekonda mpaka kumeisha. Tunahesabu waliolala huko jana, na hakuna mtu."

Watu wakacheka. Yeye hakutikisika.

"Nani anasema hakuna mutu? Mutoto yangu ya kwanza iko kule. Alienda na wale wenye wanavuna kakao. Jana alilala mu nyumba yetu."

Binti akamshika mkono. "Dada iko Kasese. Mama, ulisema iko Kasese, anafua."

"Nilisema vile juu usilie mu masomo. Kakao inaiva, watu wengine wanavuna yetu. Nifanye je?"

Afande alisogea, uso unang'aa. Somo lilikuwa limejileta lenyewe mbele ya wazazi.

"Mmoja," akatangaza. "Weka nukta."

Nikaiweka kwa kalamu ya wino mzito, nikaandika jina la kijiji kama mama alivyonitajia. Aliinama akaitazama, kidole kikiwa karibu nayo bila kuigusa, na akatabasamu, yule mama.

"Futa," binti akaniambia.

"Wewe si ndiye uliomba?"

"Futa. Sitaki ahesabiwe kule kwenye bunduki."

"Aliyelala hapo anahesabiwa," akasema Afande. "Sheria ni sheria."

Binti akalamba kidole, akasugua. Wino ule hautoki, unatambaa tu. Alisugua jina, akasugua nukta, mate na wino vikichuruzika kuelekea Bwera, mpaka mama akaushika mkono wake na kuufungia ndani ya kitenge.

Ramani bado iko ukumbini. Juma lililofuata mtoto wa Katunguru alisimama darasani kulalamika kwamba doa lile ni kubwa kuliko kwao, na ndani yake hamna mtu.

"Yumo mmoja," Afande akamjibu.

Mwenzangu wa dawati akainua kichwa.

"Hiyo hesabu ni ya jana, mwalimu, ama ya siku ya wazazi?"

Afande akamwambia akae. Alikuwa amekaa tayari.